Karata Mbovu, Mdomo wa Kwanza: Watu Wasio na Majina Waliobadilisha Mnada wa Bridge

Kila anayecheza karata Kasulu au Kibondo anaijua hii kero. Mvua imeanza, hakuna kwenda shamba wala gulioni, karata zipo mezani, watu watatu wameshakaa. Wa nne hayupo. Basi wataishia kucheza lasti kadi mpaka mvua ikatike.

Sasa sikia. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, inasimuliwa, kero hiyo hiyo iliwapata maofisa watatu wa serikali ya kikoloni ya Uingereza huko India. Walikuwa kwenye kituo cha milimani, mbali na mji, na walipenda bridge, mchezo wa watu wanne wanaocheza wawili kwa wawili. Wa nne hakupatikana. Wakabuni njia: mkono wa nne ulale mezani, na anayeutaka aupiganie kwa kutaja bei kubwa kuliko wenzake. Yaani mnada. Majina ya hao watatu yamebaki kwenye ubishi wa wanahistoria wa karata, lakini walichokianzisha kipo mpaka leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mnada ukaingia kwenye bridge yenyewe, na swali moja likazaliwa ambalo mpaka leo linagombanisha mabingwa wa dunia:

Ukiwa na karata mbovu, ufungue mnada au ukaushe?

Usidharau hilo swali. Watu wamelitajirikia, ndoa zimegombana, na shirikisho la dunia zima limelitungia sheria.

Kwanza tuelewane lugha

Ukishaijua karata ya mtaani, nusu ya bridge unayo. Karata ni zile zile 52: kopa, shupaza, uru na pau. Hayo majina yenyewe ni ya safari ndefu, Wareno waliyaacha pwani: copas, espadas, ouros, paus. Hata "turufu" na "karata" zimetoka kwao. Kwa hiyo mtu wa Kasulu akisema "turufu ni shupaza" anaongea Kireno cha mabaharia bila kujua.

Kwenye bridge kila mtu anapewa karata 13. Patna wako anakaa mbele yako, wapinzani wanakaa kushoto na kulia. Kila mzunguko unatoa karata nne, mwenye kubwa anakula. Mizunguko ni 13.

Kabla ya kucheza kuna mnada. Ukisema "moja kopa" unaahidi kwamba wewe na patna wako mtakula mizunguko 7, kopa ikiwa turufu. "Mbili" ni mizunguko 8, "tatu" ni 9, unaongeza hivyo hivyo mpaka "saba", ambayo ni yote 13. Anayefuata lazima apande juu ya bei iliyotajwa, au apige pasi. Pau ndiyo ya chini, ikifuatiwa na uru, kopa, halafu shupaza juu kabisa. Ukipata ulichoahidi unavuna pointi. Ukishindwa, wapinzani wanavuna kwako. Na wakiona umejichanganya wanakugonga dabo, faini inapaa.

Sasa fikiria mnada wa mbuzi siku ya gulio. Mbuzi ameanzia elfu 50, watu wanapanda elfu mbili mbili, kila mmoja anasoma uso wa mwenzake. Ghafla jamaa mmoja anapayuka: "Elfu 90!" Wale waliokuwa wanataka kupimana taratibu wamekosa nafasi. Waruke au waache. Hiyo ndiyo siri yote ya kufungua na mkono dhaifu. Bei yako ya kwanza inakula ngazi ambazo wengine walitaka kuzitumia kuongea.

Tofauti ni moja tu. Gulioni ukishinda mbuzi unaondoka naye. Kwenye bridge, ukishinda mnada na karata mbovu, unalipa.

Lodi aliyewauzia watu hofu

Kabla mnada haujakuwepo, mkono mbovu ulikuwa bahati mbaya tu. Kwenye whist, bibi yake bridge, karata ya mwisho iliyogawiwa ndiyo ilionyesha turufu. Hakuna aliyekuuliza kitu. Umepata taka, unacheza taka.

Lodi mmoja wa Uingereza wa karne ya 19, Earl wa Yarborough, aligeuza hiyo hofu kuwa biashara. Alikuwa anawaambia wachezaji: nipe pauni 1, ukipata mkono usio na karata hata moja inayozidi tisa, nakulipa pauni 1,000. Watu wakachangamka. Kumbe hesabu halisi ni kwamba mkono wa hivyo hutokea mara moja kati ya 1,828. Mzee baba alikuwa anakula faida kwenye kila pauni, na mpaka leo mkono wa namna hiyo unaitwa Yarborough.

Kisa hicho kina somo: watu wanaogopa mkono mbovu kuliko unavyostahili kuogopwa. Na anayejua hesabu anaishi kwa hofu ya asiyejua.

Dada wa kwenye meli

Mwaka 1925, tajiri wa Marekani aitwaye Harold Vanderbilt, wa familia iliyotajirika kwa meli na reli, alipanda meli ya Finland kutoka Los Angeles kwenda Havana kupitia mfereji wa Panama. Alikuwa na marafiki watatu na wazo kichwani. Alitaka kuchukua kitu kutoka mchezo wa Kifaransa uitwao plafond: usipewe zawadi ya gemu kwa mizunguko uliyobahatisha, upewe kwa ile uliyoiahidi kwenye mnada. Akaandaa jedwali jipya la pointi, wakalijaribu humo humo safarini. Bridge inayochezwa leo ilizaliwa hivyo.

Lakini kulikuwa na shida ya jina. Kwenye jedwali lake, upande ulioshinda gemu ya kwanza unaingia hali mpya: zawadi zinakua na faini zinakua. Hiyo hali iitweje? Kulikuwa na dada mmoja abiria, aliyesema amewahi kucheza mchezo fulani wa ajabu huko China. Mapendekezo yake mengi hayakutumika. Moja likapita: aliita hali hiyo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "aliye hatarini kuumizwa."

Neno hilo limo kwenye kila kitabu cha bridge duniani. Jina la dada halimo popote. Vanderbilt mwenyewe alishindwa kulikumbuka.

Kwa nini yeye ni muhimu hivi kwenye habari ya mikono mibovu? Kwa sababu alitaja kile ambacho mfunguaji dhaifu lazima akiangalie kabla ya karata zake mwenyewe: nikianguka, naanguka kutoka ghorofa ya ngapi?

Chukua mfano. Umeshika shupaza saba: mfalme, malkia, jeki, 9, 6, 4, 3. Zilizobaki ni kopa moja, uru tatu na pau mbili, zote ndogo ndogo. Kwa mtu wa kawaida huo mkono ni taka. Ila shupaza ikiwa turufu, unapoteza kwa ree tu, halafu unakula mizunguko 6 hata kama patna wako hana kitu kabisa. Ukifungua na "tatu shupaza" umeahidi 9. Umepungukiwa 3.

Kama hauko hatarini na umegongwa dabo, kupungukiwa 3 ni faini ya pointi 500. Kama uko hatarini, ni 800. Sasa angalia upande wa pili. Wapinzani wakiwa hatarini na wakapata gemu yao ya "nne kopa", wanavuna 620. Umelipa 500 kuzuia 620. Umefaidi kwa kushindwa! Ila mkono ule ule, ukiwa wewe ndiye uko hatarini, umelipa 800 kuzuia 620. Umejichoma mwenyewe.

Karata hazijabadilika hata moja. Kilichobadilika ni mahali uliposimama, na hilo mtu wa kwanza kulipa jina alikuwa abiria asiyejulikana.

Enzi ya "usiongee kama huna"

Mchezo ulipolipuka Marekani miaka ya 1930, aliyeutawala alikuwa Ely Culbertson. Mwishoni mwa 1931 mpaka mwanzoni mwa 1932 alipambana na Sidney Lenz kwenye pambano la michezo 150 jijini New York, magazeti yakaripoti kama ngumi za ubingwa. Culbertson akashinda kwa pointi 8,980.

Mafundisho yake kuhusu kufungua kwa bei ya chini yalikuwa ya mwalimu mkali: kama huna karata kubwa za kutosha, piga pasi. Baadaye Charles Goren akaja na hesabu rahisi iliyowateka watu wote, iliyokuwa imeenezwa kabla yake na Milton Work: ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Karata zote zina pointi 40, kwa hiyo mkono wa wastani una 10. Ukiwa na 13 hivi, fungua. Chini ya hapo, tulia.

Ilikuwa na mantiki. Patna wako anakuamini. Ukisema "moja shupaza" na huna kitu, atapanda bei akidhani mna nguvu, mwisho mnaanguka wote. Mkono mbovu unaoongea kama tajiri unamuumiza patna kuliko unavyomuumiza mpinzani.

Hata hivyo Culbertson mwenyewe aliacha mlango wazi. Kwa mikono yenye aina moja ndefu kama ule wa shupaza saba, alifundisha kanuni ya mbili na tatu: ruka juu moja kwa moja, lakini usipungukiwe zaidi ya mizunguko 2 ukiwa hatarini, wala zaidi ya 3 ukiwa huko salama. Vyote viwili vinaishia kwenye 500. Yaani aliweka kikomo cha deni kabla mtu hajakopa.

Walioasi

Miaka hiyo hiyo ya 1930 walitokea wahuni wa meza. Dorothy Sims, mke wa bingwa mmoja wa New York, anatajwa kama mtu aliyeupa umaarufu mchezo wa kufungua uongo mtupu: unasema kopa na kopa huna, ili wapinzani wapotee. Watu wakachanganyikiwa. Wengine wakaita ni wizi.

Sheria za bridge zikafika mahali pazuri ambapo zipo mpaka leo: kudanganya kwa karata zako unaruhusiwa, ila patna wako naye awe amedanganywa sawa sawa na wapinzani. Kama patna anajua tabia yako na wapinzani hawajui, hapo mmeiba.

Mwingine, Howard Schenken, alifanya mapinduzi kimya kimya. Enzi zile, kufungua na "mbili" kulimaanisha una mkono wa kutisha. Lakini mikono ya kutisha huja mara chache sana, na nafasi nzuri ya mnada inakaa bure ikiisubiri. Schenken akaigeuza: "mbili" ya uru, kopa au shupaza imaanishe mkono dhaifu wenye karata sita za aina hiyo, pointi kama 6 mpaka 10. Mkono wa kutisha ukabakiziwa "mbili pau". Leo wachezaji wengi wa mashindano duniani wanafungua hivyo. Mikono midogo ilipewa nyumba ya tajiri aliyekuwa hakai.

Kiti chako ni kipi?

Kuna kitu kingine ambacho vizazi vya wachezaji wasiojulikana waligundua kwa kuumia: mkono ule ule unafunguliwa au haufunguliwi kutegemea umekaa wa ngapi.

Rudi kwenye shupaza zako saba zenye pointi 6. Zimebaki pointi 34 kwa watu watatu. Ukiwa wa kwanza kuongea, wawili kati ya hao watatu ni wapinzani. Kwa hiyo ukipayuka "tatu shupaza", uwezekano ni mara mbili kwamba uliyemziba mdomo ni adui. Lakini kuna siku utamziba patna wako mwenye mkono mzuri, na hilo ni gharama halali ya biashara.

Ukiwa wa tatu, na patna wako ameshapiga pasi, na wa kabla yako naye pasi, mambo yananoga. Patna huna tena wa kumziba, ameshasema hana. Mwenye nguvu anaelekea kuwa yule mmoja aliyebaki kushoto kwako. Hapo ndipo wakongwe hufungua hata vitu vya aibu.

Ukiwa wa nne na wote watatu wamepiga pasi, usifanye ushujaa wa kijinga. Ukipiga pasi, karata zinarudishwa na hakuna anayelipa. Kwa nini ufungue mlango ambao adui mwenyewe ameufunga? Wachezaji wana kanuni hapo: jumlisha pointi zako na idadi ya shupaza ulizonazo, zikifika 15 fungua. Kwa nini shupaza? Kwa sababu ndiyo aina ya juu. Mwenye shupaza anaweza kumpita yeyote bila kupanda ngazi.

Kwa viti vya mwanzo, Mmarekani Marty Bergen aliieneza kanuni ya 20: pointi zako, jumlisha urefu wa aina zako mbili ndefu kuliko zote. Zikifika 20, fungua "moja" hata kama una pointi 11 tu. Mkono wenye kopa tano na shupaza tano na pointi 10 unapita. Mkono wa pointi 11 uliosambaa, nne tatu tatu tatu, haupiti. Urefu ni mali, hata kama haung'ai.

Wapolandi waliopindua meza

Miaka ya 1970 kundi la wachezaji wa Poland likauliza swali la kichaa. Kama nafasi ya mnada ni mali, kwa nini mwenye nguvu ndiye aitumie? Mwenye nguvu hana haraka. Basi mwenye nguvu apige PASI, na dhaifu ndiye afungue!

Walimaanisha kweli. Kwenye mfumo wao, pasi ya kwanza ilimaanisha "nina mkono mzuri, patna usilale." Na aliyeshika taka alilazimika kufungua mnada kwa sauti, kwa sababu akikausha angeonekana tajiri. Wapinzani walikuwa hawajui hata wajilinde vipi.

Shirikisho la Bridge la Dunia, lililoanzishwa Oslo mwaka 1958, likaingilia. Mifumo hiyo ikawekwa kwenye kundi la mifumo isiyo ya kawaida kabisa, ikazuiwa kwenye mashindano mengi na kuruhusiwa kwenye machache, kwa sharti la kuieleza mapema kwa maandishi. Wapo wanaosema ilikuwa haki, maana mtu hawezi kujifunza kujilinda dakika tano kabla ya mechi. Wapo wanaosema wakubwa waliogopa. Ubishi haujaisha.

Na mwaka 1987 jedwali la faini lenyewe likarekebishwa. Kabla ya hapo, upande usio hatarini ulikuwa unaweza kuruka mpaka "saba" bila kitu, ukapungukiwa mizunguko 11 na kugongwa dabo, ukalipa 2,100 tu. Wakati wapinzani walio hatarini wangevuna 2,210 kwa "saba shupaza" yao. Yaani unaanguka mara 11 na bado umepata faida! Faini ikapandishwa kuanzia anguko la nne: kilichokuwa 200 kwa kila mzunguko kikawa 300. Leo ajali hiyo ya mizunguko 11 ni 2,900. Dhaifu bado anaruhusiwa kuongea, ila asiufanye kuwa mchezo wa bure.

Kwa hiyo ufungue au ukaushe?

Ukiyakusanya ya miaka yote hii, jibu halijawahi kuwa "kuwa jasiri" wala "kuwa mpole." Ni maswali manne, na kila moja lina mtu alilipe jina au alilipe faini. Nikianguka naanguka kutoka wapi? Hilo ni la dada wa kwenye meli. Nina urefu wowote, au nimetawanyika? Namziba nani mdomo, adui au patna? Na la mwisho, ambalo sheria imelikazia kuliko yote: ninachokisema patna wangu anakielewaje, na wapinzani wana haki ya kukielewa hivyo hivyo?

Mwenye majibu hayo anaweza kufungua na pointi 6 akalala usingizi. Asiyekuwa nayo anaweza kufungua na 14 akajichoma.

Wale maofisa watatu wa milimani walikuwa na shida moja tu, wa nne hayupo. Kasulu na Kibondo wapo wanne kila kijiwe, karata 52 zipo, na majina ya kopa na shupaza yapo mdomoni tangu utotoni. Kinachokosekana ni mnada tu.

Haya sasa. Shupaza saba, mfalme, malkia, jeki. Hauko hatarini, wapinzani wako hatarini, patna ameshapiga pasi na wa kabla yako naye pasi. Wote wanakuangalia wewe. Unafungua?